Malipo Pungufu ya Wadaiwa wa Ada: Mwongozo kwa Wahazini wa Umoja wa Wamiliki wa Nyumba, Mtwara na Lindi

Minada ya korosho inapofunguliwa mwezi Oktoba na fedha za wakulima zikaanza kuingia benki, mhazini wa umoja wa wamiliki wa nyumba hapa kwetu hupata kazi ambayo hakuwa nayo tangu Aprili. Mwanachama anayedaiwa ada ya miezi minane huleta fedha ya miezi minne au mitano, mara nyingi bila maelezo yoyote, na mara nyingine kwa simu ya mtoto wake au ya jirani. Deni lake lina ada, lina faini za kuchelewa, na pengine lina gharama za barua na wito. Fedha aliyoleta haitoshi kulipa vyote. Je, inalipa kipi kwanza? Katiba nyingi za umoja wa wakazi nilizopata kuzisoma hazina hata mstari mmoja unaojibu swali hilo, na ugomvi mwingi kati ya wanachama na viongozi wao huanzia hapo.

Nimekuwa mhazini wa umoja wa nyumba zisizozidi hamsini katika eneo la Shangani, Mtwara, kwa vipindi viwili. Ada yetu hulipia walinzi wa usiku, ubebaji wa taka, taa za barabara ya ndani na uzibuaji wa mtaro kabla ya masika. Mwongozo huu unahusu jambo moja tu, nalo ni namna ya kupokea, kugawa na kuandika malipo ya mtu ambaye tayari amechelewa. Ukusanyaji wa kawaida, kwa wanaolipa kwa wakati, hauhitaji mwongozo.

Hatua ya kwanza: jueni deni lenu limesimama juu ya nini

Nchini Marekani, ambako vyama vya wamiliki wa nyumba vimeenea sana, deni la ada hushikamana na nyumba yenyewe. Chama kinaweza kusajili dai lake juu ya hati ya nyumba na hatimaye nyumba ikauzwa ili deni lilipwe. Sheria za majimbo huweka breki: California, kwa mfano, hairuhusu chama kuuza nyumba ya mtu mpaka ada anayodaiwa, bila kuhesabu faini na gharama, ifikie dola 1,800 au iwe imechelewa zaidi ya miezi 12. Viongozi wengine wa mitaa huku kwetu husoma habari hizo katika simu zao na kuanza kuwatishia wanachama kwamba nyumba zitauzwa. Umoja wa kawaida wa mtaa hauna mamlaka hayo, na kitisho kisicho na mamlaka nyuma yake humvunjia heshima anayekitoa.

Kwetu Tanzania kuna hali tatu. Iwapo ninyi ni wamiliki wa sehemu katika jengo la ghorofa lililogawanywa kwa hati, mnaongozwa na Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya mwaka 2008, ambayo inaunda umoja wa wamiliki na kuwapa wajibu wa kuchangia gharama za maeneo ya pamoja. Iwapo ninyi ni majirani wenye nyumba zinazojitegemea mliojiunga na kusajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, deni lenu ni deni la makubaliano kati ya mwanachama na umoja. Na iwapo hamjasajiliwa popote, mna makubaliano ya majirani, ambayo yana uzito kwa kadiri yalivyoandikwa.

Katika hali ya pili na ya tatu, kitu cha kwanza cha kutafuta kabla ya kumdai mtu ni karatasi yenye saini yake. Fomu ya kujiunga inayosema kiasi cha ada, tarehe ya kulipa, faini na utaratibu wa kugawa malipo pungufu ina thamani kuliko barua kumi za kukumbusha. Aliyenunua nyumba mwaka jana na hajasaini chochote hadaiwi deni la aliyemuuzia, hata kama walinzi wamekuwa wakililinda lango lake usiku kucha. Mpelekeeni fomu, mzungumze naye, mwanze upya.

Hatua ya pili: andikeni mpangilio wa ugawaji kabla fedha haijaingia

Nitakaa hapa kwa muda mrefu kuliko penginepo, kwa kuwa hatua nyingine zote zinategemea hii.

Deni lililochelewa huwa na sehemu nne: ada yenyewe, ambayo tutaiita deni la msingi, faini ya kuchelewa, gharama halisi ambazo umoja umezitoa mfukoni kumfuatilia mdaiwa, na riba, kwa wale wanaoitoza. Majimbo ya Marekani yamegawanyika juu ya mpangilio. California inaagiza kwamba malipo yoyote yaingie kwanza kwenye ada, na faini, riba na gharama zisiguswe mpaka ada yote iishe. Texas nayo huanza na ada iliyochelewa, kisha ada ya sasa, kisha gharama za mawakili na ufuatiliaji, na faini huja karibu na mwisho. Florida inakwenda kinyume: riba kwanza, kisha faini ya kuchelewa, kisha gharama na mawakili, na ada iliyochelewa hubaki mkiani.

Sheria yetu haijaweka mpangilio maalumu kwa umoja wa wamiliki wa nyumba za kawaida, lakini haikuliacha jambo hili wazi kabisa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina kanuni kwa mtu mwenye madeni kadhaa kwa mdai mmoja. Akilipa na kusema fedha hii ni ya deni fulani, au mazingira yakaonyesha hivyo, mdai akiipokea anapaswa kuiingiza katika deni hilo. Asiposema, mdai ana hiari ya kuiingiza katika deni lolote halali lililoiva. Na iwapo hakuna aliyechagua, fedha hulipa madeni kwa kufuata umri wake, la zamani kwanza.

Maana yake kwa mhazini ni kubwa. Mwanachama akikutumia shilingi 20,000 na ujumbe unaosema “ada ya Septemba”, nawe ukaipokea na kuiandika kwenye faini za Februari, umekosea, isipokuwa yeye mwenyewe alikwisha kukubali kwa saini mpangilio tofauti. Ndiyo maana mpangilio lazima uwe ndani ya katiba au fomu ya kujiunga, upitishwe na mkutano mkuu wenye akidi, na uandikwe kwenye muhtasari. Kuuamua baada ya fedha kuingia ni kumchagulia mtu mmoja sheria yake peke yake.

Sasa tupige hesabu. Ada ni shilingi 20,000 kwa mwezi, na faini ni shilingi 3,000 kwa kila ada isiyolipwa kwa wakati. Mwanachama hakulipa kuanzia Februari hadi Septemba, yaani miezi minane. Ada ni shilingi 160,000, faini ni 24,000, na umoja umetumia 6,000 kwa kuandaa na kupeleka barua. Jumla ni shilingi 190,000. Tarehe 4 Oktoba analeta shilingi 100,000.

Kwa mpangilio wa ada kwanza, fedha yake inalipa Februari, Machi, Aprili, Mei na Juni. Anabaki na ada ya Julai, Agosti na Septemba, shilingi 60,000, pamoja na faini na gharama 30,000. Anadaiwa 90,000.

Kwa mpangilio wa faini kwanza, shilingi 30,000 zinakwenda kwenye gharama na faini. Sabini elfu zinazobaki zinalipa Februari, Machi na Aprili, na nusu ya Mei. Anabaki na nusu ya Mei na ada ya Juni hadi Septemba. Anadaiwa 90,000.

Jumla ni ileile, na mhazini asiye mwangalifu atasema basi hakuna tofauti. Tofauti ipo, tena pande tatu. Kwanza, katiba nyingi humwita mdaiwa sugu yule ambaye ada yake ya zamani zaidi imepita miezi minne, na humnyima haki ya kupiga kura. Kwa mpangilio wa kwanza mtu huyu amebakiwa na miezi mitatu na ametoka katika orodha hiyo. Kwa mpangilio wa pili bado yumo, baada ya kulipa laki moja nzima. Pili, iwapo umoja unatoza asilimia kwa mwezi juu ya ada isiyolipwa, tuseme asilimia 2, mwezi unaofuata ataongezewa shilingi 1,200 kwa mpangilio wa kwanza na shilingi 1,800 kwa mpangilio wa pili. Tatu, na hili ndilo zito, mkutano ukiamua kusamehe faini kwa sababu ya ugonjwa au msiba, kwa mpangilio wa kwanza faini yote 24,000 ingali kwenye daftari na inaweza kufutwa, naye akabaki na 66,000. Kwa mpangilio wa pili faini imekwisha kulipwa. Kumsamehe kunadai kumrudishia fedha, na sijaona umoja wa mtaa unaorudisha fedha.

Msimamo wangu, basi, ni ada kwanza, kuanzia ya zamani zaidi, kisha gharama halisi zenye risiti, kisha faini. Mlinzi halipwi kwa faini. Analipwa kwa ada, na daftari linapaswa kuonyesha ada ya kila mwezi imeingia au haikuingia. Wanaoutetea mpangilio wa Florida husema kwamba anayechelewa ndiye anayepaswa kubeba gharama za kuchelewa, wala si majirani wanaolipa kwa wakati. Hoja hiyo ina ukweli, na ndiyo iliyonifanya niweke gharama halisi mbele ya faini.

Kuhusu riba, ushauri wangu ni mfupi: iacheni. Sehemu kubwa ya wanachama wa pwani yetu ni Waislamu, na neno hilo likiingia kwenye katiba mtapoteza mikutano miwili mkijadili uhalali wake badala ya kujadili mtaro. Faini ya kiasi maalumu, isiyozaa, inakubalika zaidi na ni rahisi kuikokotoa. Iwe ya wastani pia. California huiwekea faini ya kuchelewa kikomo cha asilimia 10 ya ada au dola 10, ile iliyo kubwa. Kwa Sheria yetu ya Mikataba, mahakama inayokuta adhabu iliyotajwa katika mkataba hutoa fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho, kwa hiyo faini inayolingana na ada yenyewe haitapita bila kuulizwa.

Hatua ya tatu: pokeeni fedha kwa njia moja, na toeni risiti siku hiyohiyo

Fedha isiingie kwenye simu binafsi ya kiongozi. Fungueni akaunti ya benki yenye watia saini wawili au watatu, au mpate lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la umoja. Anayeleta fedha taslimu, kama wanavyofanya wazee wetu wengi wa Mikindani, apewe risiti papo hapo kutoka kitabu chenye nakala, na fedha hiyo iwekwe benki kabla ya siku tatu kupita.

Risiti ya mdaiwa haifanani na risiti ya mtu asiyedaiwa. Iandikeni hivi: tarehe fedha ilipoingia, kiasi, namba ya muamala, miezi ya ada iliyolipwa, kiasi kilichokwenda kwenye gharama, kiasi kilichokwenda kwenye faini, na salio. Risiti inayosema tu “malipo ya ada, shilingi 100,000” inaficha jambo lenyewe ambalo mwanachama ana haki ya kulijua.

Tarehe ya malipo ni ile ambayo fedha iliingia, wala si ile ambayo mhazini alipata nafasi ya kufungua daftari. Muamala wa tarehe 10 saa tano usiku umewahi tarehe 10, hata kama mhazini alikuwa msibani Newala mpaka tarehe 14.

Msikatae malipo pungufu. Nimewahi kuona umoja mmoja ukimrudisha mama mmoja na shilingi 30,000 zake kwa kumwambia alete zote kwa pamoja. Fedha ile haikurudi tena.

Hatua ya nne: miamala isiyo na jina

Kila msimu kuna fedha inayoingia kutoka kwa namba ambayo haimo katika daftari. Jina linalojitokeza ni la wakala, la mkwe, au la kijana aliyeko Dar es Salaam anayemlipia baba yake. Mhazini asikisie. Fedha hiyo iandikwe katika ukurasa wake, wenye kichwa “malipo yanayosubiri kutambuliwa”, na mhazini apige simu kwenye namba husika. Mwenyewe akipatikana, malipo yahamishiwe kwenye kadi yake ya malipo kwa tarehe ile ya awali, ili asitozwe faini kwa kosa la kutotambulika. Kila mwisho wa mwezi ukurasa huo usomwe kwenye kikao cha kamati.

Hatua ya tano: mwandikieni, tena kwa maneno ya adabu

Baada ya kugawa malipo, mwanachama apelekewe taarifa ya deni ndani ya siku saba. Huu ni mfano tunaoutumia:

YAH: TAARIFA YA MALIPO NA SALIO LA ADA

Ndugu mwanachama wa nyumba namba 14, husika na somo tajwa hapo juu. Umoja unakushukuru kwa malipo yako ya shilingi 100,000 yaliyopokelewa tarehe 4 Oktoba. Kwa mujibu wa katiba yetu na fomu uliyoisaini, malipo hayo yamelipa ada ya miezi ya Februari, Machi, Aprili, Mei na Juni. Salio lako ni ada ya Julai, Agosti na Septemba, shilingi 60,000. Gharama za ufuatiliaji, shilingi 6,000. Na faini, shilingi 24,000. Iwapo unaona kuna kosa katika hesabu hii, au ungependa kulipa salio kwa awamu, tafadhali onana na mhazini kabla ya tarehe 25 Oktoba.

Barua hiyo haina neno “onyo” wala herufi kubwa za kufoka. Iwapo mwanachama ni mtu mzima kuliko mhazini, apelekewe kwa mkono na mjumbe wa kamati anayejua kuamkia. Mzee aliyepelekewa barua ya deni na kijana asiyesema shikamoo hatalizungumzia deni. Atazungumzia malezi, na mazungumzo yatakwisha hapo.

Hatua ya sita: mpango wa kulipa kwa awamu

Sheria ya Texas inavitaka vyama vyenye zaidi ya viwanja 14 viwe na mwongozo wa maandishi wa kulipa kwa awamu. Muda wa chini wa mpango ni miezi mitatu, na chama hakilazimiki kukubali mpango unaozidi miezi 18. Faini za kuchelewa haziongezwi wakati mpango unafuatwa, na aliyevunja mpango anaweza kunyimwa mwingine kwa miaka miwili. Sehemu kubwa ya kanuni hiyo inafaa kuigwa, ila kalenda yake haitufai.

Mpango wa mwanachama wa Mtwara au Lindi hauna budi kufuata kipato chake kinakotoka. Mwalimu, muuguzi au mfanyakazi wa kiwanda cha saruji hupokea mshahara mwisho wa mwezi, na awamu sawa za kila mwezi zinamfaa. Mkulima wa korosho ana fedha kati ya Oktoba na Januari. Kumpangia awamu ya Juni, wakati anahangaika na dawa ya kupulizia mikorosho, ni kumtengenezea mtego wa kushindwa. Kwa upande wa Lindi wapo wenye ufuta, ambao minada yao huja katikati ya mwaka, na hao wanaweza kuwekewa awamu kubwa mwezi Julai. Mvuvi mwenye chombo kidogo hubanwa na pepo za kusi. Mwenye duka hapendi Januari, mwezi wa ada za shule na madaftari. Mwulizeni mtu fedha yake huja lini, kisha mwandike tarehe hizo.

Hati ya mpango iwe ukurasa mmoja. Itaje jumla ya deni na mchanganuo wake, iandike maneno “nakiri kudaiwa”, itaje tarehe na kiasi cha kila awamu, na ieleze kwamba ada ya mwezi unaoendelea inalipwa pamoja na awamu. Hili la mwisho husahaulika sana. Mtu anayelipa deni la nyuma huku akiacha ada ya sasa ilale anachimba shimo jipya ili apate mchanga wa kufukia la zamani. Hati iseme pia kwamba faini husimama maadamu mpango unafuatwa, na kwamba malipo yote yatagawanywa kwa mpangilio wa katiba hata kama ujumbe wa muamala utasema vingine.

Wekeni kifungu cha dharura. Wengi wetu tunakumbuka msimu wa 2018/2019, wakulima walipokataa bei za wanunuzi, Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo ya wakulima wengi yakachelewa. Mwanachama aliyekuwa na mpango wa Novemba hakuwa na la kufanya. Kifungu kinachoruhusu awamu isogezwe mbele mara moja, kwa taarifa ya maandishi kabla ya tarehe yake, humtenganisha aliyepatwa na aliyepuuza.

Kwa mfano wetu wa shilingi 90,000, mpango wa busara ni awamu mbili za shilingi 45,000, mwisho wa Novemba na mwisho wa Desemba, pamoja na ada ya kila mwezi. Awamu ya kwanza italipa Julai, Agosti na robo ya Septemba. Ya pili itamaliza Septemba kwa shilingi 15,000, gharama kwa 6,000, na faini kwa 24,000. Kama kamati itataka kumpunguzia faini kwa uaminifu wake, bado ina cha kupunguza.

Hatua ya saba: “nimemaliza deni”

Wapo wanaotuma nusu ya deni na ujumbe usemao “hii ni ya kumaliza”. Huko Florida sheria inasema wazi kwamba maneno ya namna hiyo yaliyoambatanishwa na malipo hayabadilishi mpangilio wa ugawaji. Sheria yetu ya Mikataba, kwa upande mwingine, inamruhusu mdai kukubali sehemu badala ya deni lote, kwa hiyo mhazini anayenyamaza au kujibu “asante sana, tumepokea” anaweza kuja kuambiwa kwamba alikubali. Jibuni siku hiyohiyo, kwa maandishi: malipo yamepokelewa kama sehemu, salio ni kiasi fulani. Msamaha wowote utoke kwa kamati au mkutano mkuu, kama katiba inavyosema, na uandikwe kwenye muhtasari ukitaja kiasi kilichosamehewa na kwamba ni faini, si ada. Mhazini hana mamlaka ya kusamehe kwa maneno akiwa barazani, hata kama anayeomba ni shemeji yake. Hasa akiwa shemeji yake.

Hatua ya nane: mambo ya kujiepusha nayo

Msibandike orodha ya wadaiwa kwenye nguzo ya umeme wala kuituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imefanya jambo hilo kuwa la hatari, na kabla ya sheria hiyo lilikuwa tayari ni la fedheha. Kwenye mkutano semeni idadi ya nyumba zinazodaiwa na jumla ya deni; inatosha.

Msimzuie mtu kuingia nyumbani kwake, na msiguse mita ya maji. Maji ni mkataba kati yake na mamlaka ya maji, yaani MTUWASA kwa walio Mtwara au LUWASA kwa walio Lindi, na mlinzi anayefunga koki kwa amri ya mwenyekiti atalibeba kosa hilo pamoja na mwenyekiti.

Aliyefariki hadaiwi kwa mjane siku ya arobaini. Subirini msimamizi wa mirathi ateuliwe, kisha mpeleke taarifa ya deni kwake.

Hatua ya tisa: deni likifika mahakamani

Kabla ya mahakama, pelekeni shauri kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji ili wasuluhishe. Mengi huishia pale. Yasipoisha, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya madeni ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, na deni la ada ya mtaa halitafika huko hata kwa mbali. Umoja usio na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) utapata taabu ya kushtaki kwa jina lake, kwa hiyo jambo hilo lishughulikiwe mapema, wakati hakuna ugomvi. Mkifika mbele ya hakimu mtaulizwa vitu vinne: fomu yenye saini, muhtasari wa mkutano ulioweka ada, kadi ya malipo na barua mlizompelekea. Kadi inayoonyesha kila shilingi iliingia wapi na kwa kanuni ipi hujibu maswali mengi kabla hayajaulizwa.

Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita chini ya Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 89. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na saini, au akilipa sehemu yake kabla muda haujaisha, hesabu huanza upya. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoyakataa malipo madogo na ya kuweka neno “nakiri” kwenye hati ya mpango.

Mdaiwa akileta fedha wakati shauri linaendelea, ipokeeni, igaweni kwa mpangilio uleule, na risiti iseme kwamba malipo yamepokelewa bila kuathiri shauri lililopo. Kisha mahakama ijulishwe, ili kiasi kinachodaiwa kipungue kwenye jalada kama kilivyopungua kwenye daftari.

Salio likifika sifuri, toeni barua ya kutodaiwa yenye tarehe na muhuri ndani ya siku saba, hata kama mwanachama hakuiomba. Atakapotaka kuuza nyumba, mnunuzi ataidai. Fedha iliyozidi, kama ipo, ihamishiwe kwenye ada ya mwezi unaofuata na itajwe kwenye barua hiyohiyo.